Gari la Spoti Linapolia Ukilifunga: Kutafuta Eneo Lililobaki Wazi

Alamu ikitoa mlio usio wa kawaida unapobonyeza rimoti ya kufunga, mara nyingi gari limefunga. Linachokuambia ni kwamba kuna eneo moja ambalo halilindwi: mlango, boneti, buti, kihisi cha mtikisiko au waya wa ignisheni. Alamu nyingi zikikuta eneo lililo wazi huliruka hilo na kulinda mengine. Kwa hiyo Subaru WRX iliyoachwa Oginga Odinga Street pale Kisumu baada ya kulia hivyo inaweza kufunguliwa boneti na betri ikaondoka bila king'ora kutoa sauti.

Ndiyo sababu tunasisitiza: usikubali fundi akuzimie mlio huo kwa kukata waya wa king'ora au kubadilisha mpangilio wa alamu. Mlio ndio ushahidi ulio nao. Ukizimwa, kasoro inabaki palepale na huna tena namna ya kujua.

Maelezo haya yanahusu hasa Subaru Impreza WRX na STI, Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, pamoja na Mazda RX-8. Mantiki yake ni ileile kwa karibu kila gari la Japani lenye alamu.

Andaa multimita, tochi, bisibisi ya nyota, spana namba 10, dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme, grisi nyeupe ya lithiamu, kipande cha plastisini cha watoto wa shule, na betri mpya ya rimoti. Namba ya betri hiyo imechorwa kwenye betri ya zamani (CR2032, CR1632, CR1620 na kadhalika). Usibahatishe, kwa sababu tarakimu mbili za mwisho ni unene, na betri nyembamba hugusa na kuachia.

Kwanza, jua ni nani anayelia

Gari lako linaweza kuwa na mfumo wa kiwandani, alamu iliyofungwa hapa nchini, au vyote viwili vikifanya kazi pamoja. WRX nyingi zilizotoka Japani huwasha hazadi tu zikifungwa kwa rimoti ya kiwandani. Ukisikia king'ora chini ya boneti, basi kuna alamu iliyoongezwa. Alamu hizo kwa kawaida hulia mara moja kufunga na mara mbili kufungua. Ukipata mlio mmoja, kisha mwingine baada ya sekunde chache, au milio mitatu mfululizo badala ya mmoja, kuna eneo lililo wazi. Idadi hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo kijitabu cha alamu yako ndicho chenye neno la mwisho.

Toyota 86 na BRZ zenye ufunguo wa mfukoni zina tabia nyingine. Mlango usiposhika vizuri, au ufunguo ukisahaulika ndani, utasikia mlio mrefu wa sekunde kadhaa nje ya gari, na milango haitajifunga kabisa. Kuthibitisha kama gari limefunga, mpe mwenzako ufunguo asogee nao mita tano au zaidi, halafu vuta kitasa. Ukivuta ukiwa na ufunguo mfukoni, gari litakufungulia na utadhani kufuli ni mbovu.

Ukaguzi wa dakika chache kabla ya kufungua chochote

Tafuta ufunguo wa pili. Ukiwa ndani ya begi lililo kwenye buti, gari la ufunguo wa mfukoni litalia kila mara, na hakuna kitu kibovu. Kisha fungua na ufunge upya milango yote kwa mkono, buti na boneti. Kitasa kina hatua mbili, na mlango ulioshika hatua ya kwanza tu huonekana umefungwa kwa macho ilhali umejitokeza milimita chache. Pitisha kidole kwenye mwanya kati ya mlango na bodi. Ukihisi ngazi, haujashika.

Pima betri ya gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 imefika karibu nusu, na chini ya 12.0 imeisha. Mwombe mwenzako abonyeze rimoti huku multimita ikiwa kwenye betri. Kufuli zinapopiga, volti hushuka kidogo na kurudi mara moja. Zikiporomoka chini ya 11, kompyuta za gari huanza kutoa milio isiyo na maana, na utazunguka siku nzima ukitafuta mlango mbovu ambao haupo. Chaji au badilisha betri kwanza.

Kwenye WRX na STI angalia pia taima ya tabo (turbo). Kifaa hiki huacha injini ikiunguruma dakika moja hadi tatu baada ya kutoa ufunguo ili tabo ipoe. Kwa alamu, injini inayounguruma maana yake ignisheni bado imewashwa, kwa hiyo hulia au hukataa kujiwasha. Jaribu kufunga baada ya injini kuzimika. Mlio ukipotea, umepata jibu. Alamu nyingi nzuri zina mpangilio maalum wa taima ya tabo, na fundi anatakiwa kuutumia badala ya kukuambia uzoee.

Jaribio la eneo lililo kimya

Hili ndilo jaribio lenye faida kuliko yote, na halihitaji kifaa chochote. Kwa kuwa alamu huliruka eneo bovu, eneo ambalo halipigi kelele ukilivamia ndilo unalolitafuta.

Shusha vioo vya milango hadi chini. Vuta wenzo wa boneti ili ilegee bila kuinuka, kisha uibane tena vizuri, uhakikishe inafunguka na kufunga kama kawaida. Toka, funga kwa rimoti, na usikie ule mlio wa kasoro. Subiri dakika moja, kwa sababu alamu nyingi huchukua sekunde 30 au zaidi kuamka kikamilifu. Sasa ingiza mkono dirishani na ufungue mlango wa dereva kwa kitasa cha ndani. King'ora kikipiga, mlango huo ni mzima. Zima kwa rimoti, funga upya, subiri tena dakika moja, na uende mlango unaofuata. Fanya hivyo kwa milango yote, kisha boneti, kisha buti. Eneo litakalofunguka huku king'ora kikinyamaza ndilo lenye kasoro.

Mambo mawili yanaweza kukuharibia jaribio hili. La kwanza ni kihisi cha mtikisiko kilichokazwa mno: king'ora kikipiga kabla hujafungua kitu, ni mwili wa gari tu ulioguswa. Kipunguze kwanza. Huwa ni kisanduku kidogo chini ya dashibodi chenye kitufe cha kuzungusha. Pia usijaribu ukiwa umeegesha kando ya barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, ambako malori hutikisa ardhi. La pili ni baadhi ya alamu za Ulaya zenye vihisi vya mwendo ndani ya kabini. Kwa hizo, kioo kilicho wazi chenyewe huleta kelele, hivyo soma kijitabu jinsi ya kuvizima kwa muda.

Fanya kazi hii mchana, na uwaeleze majirani kabla.

Swichi za milango

Swichi ya mlango kwenye magari mengi ya Japani huunganisha waya wake na bodi ya gari mlango ukifunguliwa, na hukata muungano mlango ukifungwa. Fikiria maana yake kabla ya kununua chochote. Swichi chafu isiyogusana vizuri haileti mlio wakati wa kufunga. Yenyewe hudanganya kinyume, kwamba mlango umefungwa hata ukiwa wazi, na taa ya kabini haiwaki. Anayelia wakati wa kufunga ni swichi ambayo haikati: haijasukumwa hadi mwisho, imeingia maji, au waya wake umechunika na unagusa bodi. Watu wengi hubadilisha swichi ya mlango ambao taa yake haiwaki, wanatoka gereji, na mlio uko vilevile.

Magari ya zamani yana swichi ya kifimbo kwenye nguzo ya mlango, yenye kofia ya mpira na skrubu moja. Kofia ikilika, mlango haukisukumi kifimbo vya kutosha. Toa skrubu na uvute swichi taratibu, ukiufunga waya kwa kamba usije ukarudi ndani ya nguzo. Ukitumbukia, utafungua mapambo ya ndani kuutafuta. Chomoa kiunganishi, weka multimita kwenye omu, mguso mmoja kwenye ncha ya swichi na mwingine kwenye bati lake. Kifimbo kikiwa nje usome karibu na sifuri. Ukikibonyeza usome muungano uliokatika kabisa. Namba ikicheza kati ya mamia na maelfu ya omu huku umebonyeza, ndani kuna unyevu au kutu. Swichi hizi hazifai kufufuliwa. Nunua nyingine.

Mlio ukiendelea hata swichi ikiwa imechomolewa, swichi haina hatia. Tatizo liko kwenye waya.

Magari ya baadaye yana swichi ndani ya kitasa chenyewe, yaani ule mtambo wenye ulimi unaoushika mlango. Hapa adui mkubwa ni grisi iliyokauka ikachanganyika na vumbi. Ukirudi kutoka kutazama Safari Rally kule Naivasha, vumbi lile laini huingia hadi ndani ya vitasa na kukifanya kiwenzo kidogo kinachobonyeza swichi kisirudi mahali pake. Kujaribu, fungua mlango, tumia bisibisi kugeuza ulimi wa kitasa hadi usikie mibofyo miwili, kana kwamba mlango umefungwa, halafu tazama taa ya mlango kwenye dashibodi. Isipozimika, umepata kitasa chako. Lakini kabla hujafunga mlango, vuta mkono wa kufungulia mlango ili ulimi uachie. Ukisahau na kuupiga mlango, ulimi utagonga kishikio cha nguzoni na utanunua kitasa kizima.

Tiba ya kwanza ni kusafisha. Puliza dawa ya viunganishi kwa wingi ndani ya kitasa, ukitandaza kitambaa chini ili isimwagikie rangi na mapambo. Geuza ulimi na kuuachia mara ishirini au thelathini, puliza tena, acha ikauke, kisha weka grisi ya lithiamu kidogo kwenye ulimi. Usitumie oili ya injini, maana hukusanya vumbi na baada ya miezi michache utarudi palepale. Sehemu kubwa ya vitasa hupona kwa hili tu.

Ikibidi kubadilisha, maduka ya spea zilizotumika kutoka Japani huko Nakuru na Kisumu huuza kitasa kizima pamoja na mota. Nenda na multimita na upime swichi kabla ya kulipa, kwa kugeuza ulimi mkononi. Hakikisha ni cha upande wako na cha mwaka wa gari lako, kwa kuwa kiunganishi hubadilika hata pale ambapo umbo halibadiliki. Kabla ya kuvua kava la mlango, toa waya wa hasi wa betri na usubiri dakika chache. Magari haya yanaweza kuwa na vihisi vya mifuko ya hewa ya pembeni.

Milango isiyo na fremu, na ile ya RX-8

86, BRZ na Impreza za kabla ya mtindo wa 2008 hazina fremu kuzunguka kioo. Kwenye 86 na BRZ kioo hushuka kidogo ukivuta kitasa, kisha hupanda na kubana mpira mlango ukifungwa. Betri ikitolewa au ikiisha kabisa, mfumo unaweza kusahau kipimo hicho. Kioo hakishuki tena, kinapambana na mpira, na mlango unaishia hatua ya kwanza ya kitasa. Ikiwa mlio ulianza baada ya kubadilisha betri, anzia hapa. Injini ikiwaka, shusha kioo, kipandishe hadi mwisho, na uendelee kuvuta swichi kwa sekunde chache kabla ya kuachia. Fanya hivyo kila upande.

Kwenye Impreza za zamani kioo hakishuki chenyewe, kwa hiyo mpira mgumu ndio tatizo. Jua la Kisumu huukausha. Usafishe kwa maji na sabuni, ukaushe, upake mafuta ya silikoni, na uepuke yale ya petroli yanayoufanya uvimbe.

RX-8 ina milango midogo ya nyuma inayofunguka kuelekea nyuma na hushika juu na chini. Upande mmoja ukishika na mwingine ukagoma, mlango wa mbele bado utafungika juu yake na yote itaonekana sawa. Fungua wa mbele, usukume wa nyuma kwa kiganja juu, kisha chini, kisha ufunge tena. Ikitokea mara kwa mara, safisha vitasa vyote viwili kama tulivyoeleza.

Boneti

Kwa alamu zilizofungwa hapa, boneti ndiyo mshukiwa wa kwanza. Fundi hutoboa ukingo wa bati, akaweka swichi ya kifimbo, na kuanzia hapo inanyeshewa mvua za Kakamega na Kericho na kupigwa maji ya presha kila Jumamosi. Mlio ukianza baada ya kuoshwa injini na kupotea siku mbili baadaye, usitafute kwingine.

Kagua urefu wa kifimbo kwa plastisini. Toa swichi, bandika donge la plastisini mahali pake lenye urefu uleule, funga boneti taratibu, fungua, na upime jinsi lilivyobanwa. Kifimbo kinahitaji kusukumwa angalau milimita 6 ili swichi ikate kwa uhakika. Pungufu ya hapo, inategemea bahati na joto la siku. Kama boneti imewahi kunyooshwa baada ya ajali, pengo hubadilika upande mmoja. Zungusha vile vifundo vya mpira vinavyoibeba boneti pembeni, ukivishusha kidogokidogo hadi boneti ilale sawa na bodi ya pembeni, bila kuvibana mno.

Ukiweka swichi mpya, chagua yenye kofia ya mpira, iweke mahali ambapo maji hayatuami, na shimo alilotoboa fundi lipakwe rangi ya kuzuia kutu. Waya upite mbali na bomba la tabo. Bomba hilo huyeyusha plastiki ya waya na kukuletea kasoro ileile, safari hii ikiwa na hatari ya moto.

Taa ya kabini na ignisheni

Mafundi wengi huchukua ishara ya mlango kutoka kwa waya wa taa ya kabini, kwa kuwa ni rahisi kuufikia. Kama taa ya gari lako hufifia polepole baada ya mlango kufungwa, alamu huiona bado inawaka na hudhani mlango uko wazi. Jaribio ni jepesi: funga milango, ngoja taa izimike kabisa, ndipo ubonyeze rimoti. Mlio ukikosekana, ama mpangilio wa kusubiri taa uwashwe ndani ya alamu, ama waya uhamishiwe kwenye swichi ya mlango yenyewe. Ya pili ni bora.

Redio na amplifaya zilizofungwa ovyo nazo huweza kurudisha umeme kwenye waya wa ignisheni kwa sekunde kadhaa baada ya kuzima. Pima volti kwenye waya wa ignisheni unaoingia kwenye alamu mara tu ufunguo ukitoka. Unatakiwa kushuka hadi sifuri papo hapo. Ukiteremka polepole, chomoa fyuzi ya amplifaya na ujaribu tena. Ukikutana na waya wa kifaa cha kufuatilia gari kilichowekwa na benki au bima, usiukate. Muite aliyekifunga.

Waya, na king'ora chenyewe

Mlio unaokuja na kuondoka bila utaratibu, hasa ule unaobadilika ukichezesha mlango, hutokana na waya zilizokatika ndani ya bomba la mpira kati ya nguzo na mlango. Wa dereva ndio huumia zaidi kwa kuwa hufunguliwa mara nyingi. Kwenye Impreza zenye mlango wa nyuma unaoinuka, angalia bawaba za juu. Vuta mpira, tazama kila waya kwa tochi, na uupinde polepole. Uliochunika, ukate sehemu mbovu, uunge kipande cha milimita za mraba 0.5 kwa lehemu, na ufunike kwa mpira unaojibana kwa joto. Kusokota na kubandika utepe hakudumu mahali panapopindwa kila siku.

King'ora chenye betri yake ya ndani huzeeka pia. Betri hiyo ikivuja, hula ubao wa umeme na kuleta milio isiyoeleweka. Kikague kwa kuchomoa betri ya gari huku ufunguo wa king'ora ukiwa umewashwa: kinatakiwa kupiga kwa nguvu. Kikikoroma au kunyamaza, badilisha.

Baada ya ukarabati, rudia jaribio la eneo lililo kimya kwa maeneo yote. Kisha acha gari limefungwa nusu saa na upime umeme unaovuja kwenye waya wa hasi, waya wa betri ukiwa umepitishwa ndani ya multimita iliyowekwa kwenye ampea kumi. Ili gari lisiamke ukiunganisha, lifunge ukiwa tayari umeunganisha, ndipo usubiri hiyo nusu saa. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Ukisoma karibu na ampea 0.4, huenda kuna balbu ya wati 5 inayowaka mahali fulani, mara nyingi ndani ya buti. Balbu hiyo humeza karibu ampea-saa 10 kwa siku, hivyo betri ya ampea-saa 45 huenda isikuwashie gari Jumatatu ukiliacha tangu Ijumaa.